Hivi kula kwenye migahawa ya matawi ni ushua au ushamba? Wana Mbeya na Iringa tuelezane

#1 Loleza Juu
Wakuu salama. Nina swali, wa Mbeya, Iringa, Njombe na Tunduma ndo nawahitaji zaidi ila wa Dar mnaruhusiwa kuchungulia.

Hii migahawa ya matawi, namaanisha ile ya kuku wa kukaanga, baga na piza ambayo ukiikuta Dar ni ileile ukiikuta Dodoma ni ileile, menyu ya picha ukutani, unalipa kaunta kwanza ndo unapewa chakula kwenye trei, hivi kula humo ni ushua au ni ushamba? Maana sielewi tena. Ofisini kwetu kuna dada alisafiri na wanae wakati wa likizo akawapeleka, kurudi anasimulia kwa furaha, jamaa mmoja aliyehamia kutoka Dar akacheka mbele za watu eti hivi bado kuna watu wanapanga foleni kwa ajili ya kuku wa boksi. Dada wa watu kanywea. Sasa jamaa huyohuyo alimkuta dereva wetu anakula kwa mama lishe nyuma ya ofisi akamwambia angalia tumbo mkuu. Kwaiyo huku chini unachekwa na kule juu unachekwa, na yeye mwenyewe hakuna aliyewahi kumwona anakula wapi.

Dai langu ni hili: wanaoidharau leo ni walewale walioipapatikia. KFC ilivyofungua Dar 2013 nilikuwa chuo, kuna watu walikuwa wanatembea na mfuko wa karatasi mtupu hadi hosteli ili tuone tu jina. Leo wamekinai. Tupeane maelezo, matusi hapana.

#2 Kambi Popote
Siti ya mbele. Anayepita dukani aniletee soda.

#3 Binti Sokomatola
Mbona jibu jepesi, ni picha. Ukila wali maharage buku mbili hakuna wa kumwonyesha, ukila baga lazima stori ziwe nne, ya kwanza mlango, ya pili trei, ya tatu kucha, ya nne "asante bebi" wakati bebi ni yeye mwenyewe kajilipia. Sasa kila mtu alivyoweza kupiga hiyo picha ikaisha thamani, ndo wale wa mwanzo wakahama wakaanza kupiga picha kahawa yenye povu na kudharau kuku. Wakifikiwa na huko watahama tena, mtawakuta wanapiga picha ugali wa dona kwenye chungu kwa elfu ishirini na tano.

#4 Mnyalu Halisi
Kamwene wakuu.
#3 huo ugali wa kwenye chungu upo tayari, nimeulipia mwenyewe Dar kwa ajili ya mtoko, na mlenda kijiko kimoja pembeni. Mama yangu nilivyomtajia bei akaniuliza kama na chungu tuliondoka nacho.

Ila kwa huku Iringa naona kipimo cha ushua kinakuwa tofauti kidogo. Mjini wanakujua. Ukiingia sehemu ya gharama Miyomboni pale kesho shangazi yako wa Kihesa kashapata taarifa na kashaanza kuhesabu ada ya mtoto wake. Watu wenye hela wanajificha kula kwa sababu ya ndugu, hiyo mnaita dharau kumbe ni woga tu.

#5 Mwenge wa Uyole
Naongezea kidogo kwa mleta mada. Hii ngoma haikuanzia hapa, Marekani wanapigana nayo miaka mingi na kule ni kali kuliko huku. Kule kuna aina mbili, kuna ya haraka kama KFC na McDonald's, halafu kuna ile ya kukaa mezani unahudumiwa kabisa ila ni ya matawi, kama Applebee's, Olive Garden, Chili's, TGI Fridays. Hiyo ya pili ndo inadharauliwa na wasomi wa miji mikubwa hadi imekuwa tusi, ukimwambia mtu we ni mtu wa Applebee's umemaanisha hana ladha.

Mwaka 2012 kuna bibi mwandishi wa gazeti la mji mdogo wa Grand Forks, North Dakota, anaitwa Marilyn Hagerty, alikuwa na miaka 85. Olive Garden ilifunguliwa mjini kwao akaenda akala akaandika vizuri tu, kwamba ni pakubwa, pazuri, huduma nzuri. Basi ile makala ikasambaa mtandaoni nchi nzima watu wanamcheka, bibi hajui kula, bibi mshamba. Bibi hakujali. Mwisho wa siku Anthony Bourdain, yule mpishi mkubwa wa kwenye tivii ambaye naye mwanzo alikuwa upande wa wachekaji, akageuka akamtetea na akasimamia makala zake zikachapwa kitabu. Kwa sababu ukizisoma unaona miji yote ile ya katikati watu wanakula wapi kweli, harusi zao, birthday zao, siku ya mtoto kumaliza shule.

#6 Mzee wa Zege
#5 hii chai ina sukari kiasi gani? Bibi wa miaka 85 akiandika kuhusu tambi Marekani nzima ikaacha kazi?

#7 Mwenge wa Uyole
Mzee wa Zege tafuta jina lake mwenyewe, bando ni lako.

#8 Itiji Moja
Olive Garden si ya Waitaliano? Sasa Mwitaliano anadharauliwaje kwa kupika chakula cha kwao.

#9 Mwalimu wa Zamu
#8 hapana, ilianzia Orlando, Florida, mwaka 1982, ilianzishwa na kampuni kubwa ya vyakula ya Marekani. Italia hakuna kitu kama kile. Na hapo ndo penye dharau yao mojawapo, kwamba chakula ni cha kuigiza.

#10 Itiji Moja
Basi kumbe ni kama pilau ya Mbeya.

#11 Dada wa Forest
#10 😂😂 pilau ya Mbeya imekukosea nini, sisi tuna mchele wa Kyela, wao wana nini.

Nirudi kwenye mada. Wote mnaongea kama wanaume, naomba niwaambie kitu ambacho hakuna amekitaja. Mimi nafanya kazi za kuzunguka mikoani, nalala Makambako, nalala Njombe, nalala Sumbawanga. Jioni njaa inauma nataka kula peke yangu. Sehemu ya kula usiku kwenye miji yetu ni baa. Nyama choma iko baa, samaki yuko baa, kuku wa kienyeji yuko baa. Mwanamke ukikaa baa peke yako na sahani yako dakika kumi nyingi, mhudumu anakuletea bia "ya yule kaka pale", ukikataa unajiona, ukipokea umekubali. Sasa ile migahawa yenye mataa meupe na kiyoyozi na watoto wanakimbia hakuna anayeniuliza niko na nani. Nalipa, nakula, naondoka. Ukisema ni ushamba sawa, mimi nitanunua huo ushamba kwa wekundu wa msimbazi na chenji nikuachie.

#12 Binti Sokomatola
Nakazia #11. Na choo. Jamani choo. Choo chenye maji na sabuni na kitasa kinachofunga.

#13 Kiepe cha Mafiat
Mimi ni muuza chipsi, nina kabati langu la kioo na karai, miaka mingi nipo barabarani, kwaiyo naongea kama mwathirika. Mnadharauliana nyie, viazi vyenu navijua mimi.

Kinachoniuma mimi ni kwamba huku kwetu ndo kwenye viazi. Umalila, Isongole, Makete, Njombe, malori yanashuka kila siku kwenda Dar. Lakini mtoto wa Uyole aliyekulia kwenye shamba la viazi atapanda gari kwenda mjini mkubwa akale chipsi nyembamba zilizotoka kwenye friza, tena zimehesabiwa, halafu akirudi ananiambia zangu zina mafuta. Wakenya yaliwakuta Januari 2022, KFC ya kule ikaishiwa chipsi, watu wakauliza viazi si viko Nyandarua hapo, kumbe zinatoka Marekani zimekwama melini. Watu walikasirika wakaanza kampeni ya kuisusia mtandaoni.

#14 Mwalimu wa Zamu
#13 kisa ni kweli ila zilikuwa zinatoka Misri, Marekani hapana. Meli zilichelewa kwa sababu ya korona. Kampuni ikajitetea kwamba kila anayewauzia lazima apitishwe kwanza kwa vigezo vyao vya ubora vya dunia nzima, baada ya kelele wakasema wataanza kutafuta wa ndani.

#15 Kiepe cha Mafiat
Misri, Marekani, kote si Umalila.

#16 Agronomia Tupu
Kiepe hapo tuwe wakweli, tatizo liko kwetu pia. Wale wanataka kiazi chenye urefu fulani, maji kidogo, kisichogeuka rangi kwenye mafuta, mwaka mzima, kilichokatwa na kugandishwa kiwandani. Sisi mkulima anachanganya mbegu tatu shamba moja, anavuna kabla ya wakati kwa sababu ya ada ya shule, dalali anajaza lumbesa hadi gunia lina kilemba juu. Uyole pale kuna kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI, wametoa mbegu nzuri tu za viazi lakini kupata safi ni vita.

#17 Kiepe cha Mafiat
Mkuu sikatai, vingine ukitia kwenye mafuta vinanyong'onyea kama kitambaa. Ila kujua kiazi kibaya ndo kazi yangu, nakata kimoja nakisugulia kingine, maji yakitoka mengi nakiacha sokoni.

#18 Leicester Returns
Wakuu nilikaa Uingereza kidogo kwa shule, sasa hivi nipo Iringa. Niwaambie tu KFC kule ni chakula cha walevi saa saba usiku na wanafunzi wasio na hela. Hakuna anayempeleka mchumba. Nilivyorudi likizo rafiki zangu Dar wakanipeleka KFC kunikaribisha, wamevaa mashati ya pasi, mimi nimevaa kandambili, wakadhani nimewadharau. Wa Uingereza wana baa za matawi zinaitwa Wetherspoon, zilianza 1979 na sasa zipo karibu kila mji, bia bei chee, kifungua kinywa bei chee, wazee wamejaa asubuhi. Wale wa juu wanazicheka mchana usiku utawakuta humo. Nando's ya Wareno ndo angalau inaheshimika.

#19 Mzalendo wa Tunduma
#18 Nando's ni ya Afrika Kusini kaka, Johannesburg, 1987, mtaa wa Rosettenville. Mreno alikuwa mmoja wa waanzilishi na pilipili ndo ya Msumbiji. Umekula kule miaka yote hujauliza?

#20 Leicester Returns
Nilikuwa nakula, sikuwa nafanya usajili wa kampuni.

#21 Mzee wa Zege
Jina lenyewe "Leicester Returns" halafu anatuambia yeye hana maringo 😂 kandambili ulizovaa ulizinunua wapi mkuu?

#22 Mwenge wa Uyole
Sasa hapo #18 ndo penye utamu wa mada. Brandi ileile, kuku yuleyule, kwao ni ya hali ya chini na kwetu ni ya mtoko. Ukisema chakula ndo kinapimwa haiwezekani.

Kuna watafiti wawili, Maxim Massenkoff na Nathan Wilmers, utafiti wao wa 2023 walitumia data za simu za Wamarekani kuona watu wa kipato gani wanakutana wapi. Unajua walichokuta? Sehemu zinazochanganya tajiri na maskini kuliko kanisa, shule, maktaba na bustani za serikali ni ile migahawa ya matawi, wakaitaja kabisa Olive Garden na Applebee's. Yaani yule anayeicheka Applebee's anaicheka sehemu ambayo mwenye nyumba na mpangaji wanakaa meza za jirani. Makanisa mengi kila kundi liko na la kwake, mitaa ndo usiseme.

#23 Kambi Popote
#22 kukaa meza ya jirani na tajiri kumemsaidia nini mpangaji?

#24 Mwenge wa Uyole
Sikusema kodi inashuka.

#25 Ruaha Express
Mimi ni kondakta wa mabasi ya Dar Mbeya. Sehemu inayochanganya watu Tanzania ni hoteli ya basi. Likisimama Ruaha Mbuyuni dakika kumi na tano profesa, mkulima wa vitunguu, askari na mchungaji wote foleni moja, kuku mgumu bei juu, wote wanalalamika lugha moja. Hakuna wa kumcheka mwenzake maana wote mmeshapigwa. Ila hata pale siku hizi naona ushua umeingia, kuna abiria hashuki, anakula biskuti za kwake na maji ya kwake anatuangalia kwa dirishani kama tuko mbugani. Halafu likifika Iringa anaulizia choo.

#26 Mkinga Mpole
Naombeni nisitaniwe kwa hiki ninachotaka kusema.

#27 Mnyalu Halisi
Hatuwezi kukuahidi.

#28 Mkinga Mpole
Haya. Mzee wangu ana maduka Mwanjelwa na ghala Tunduma. Mchana anakula makande na parachichi kwa mama mmoja ambaye anamkopesha na yeye mama anamkopesha, daftari moja linaenda mbele na nyuma. Tulimpeleka Dar kwenye hizo sehemu zenu za trei, alikaa akatazama, akauliza huyu mwenye hii biashara anaitwa nani. Tukamwambia mwenyewe yuko mbali, hizi zinakodishwa jina. Akasema basi mimi nikikosa hela siku moja nitamwambia nani aniandikie. Hakuwa na dharau yoyote pale, alikula kuku wote na mifupa, ila hakuelewa unakulaje kwa mtu usiyemjua.

Kwaiyo mimi nawaza wazee wetu hawapimi ushua wala ushamba. Wanapima unajulikana au hujulikani. Vijana sisi tunakwenda kule kwa sababu hiyohiyo kinyume chake, hatutaki kujulikana.

#29 Binti Sokomatola
#28 mzee wako ana ghala Tunduma na bado anakopa makande 😂😂 na nyie mnasema msitaniwe.

#30 Dada wa Forest
#28 umeongea. Ndo hiyo ya kwangu kule juu, kutojulikana ni raha.

#31 Mtu wa Kaunta
Habari. Nimefanya kazi kwenye mojawapo ya hiyo migahawa, sisemi ipi wala mji gani, nimeshaacha. Naona mnaongea upande wa meza tu.

Kwanza anayedharau wahudumu kuliko wote si tajiri. Tajiri anakuja na simu sikioni anaonyesha kidole, analipa, hakuoni kabisa. Anayekutukana ni yule wa katikati, kaja na mgeni, anataka mgeni aone kazoea. Huyo atarudisha chipsi eti zimepoa, ataita meneja, ataomba sosi za ziada sita.

Pili kuna watu wanaogopa kaunta. Utawajua, wanasimama pembeni karibu na mlango wanasoma ukutani kama wanasoma matokeo ya kidato cha nne. Wanasubiri mwingine aagize, wanamsikiliza anasemaje, halafu wanakuja wanasema "na mimi kama hiyo". Hawajui ni shilingi ngapi hiyo. Nilikuwa nawatajia bei kwa sauti ya chini kabla sijabonyeza mashine ili asije akaaibika mbele ya mtoto wake, meneja akawa ananigombeza nachelewesha foleni. Mle ndani kila kitu kinaenda kwa saa, mafuta yana saa, kuku kabatini ana saa yake ikipita anatupwa na unaandika kwenye fomu kwamba umemtupa. Kumpa mlinzi ni kosa la kufukuzwa.

Tatu sisi wenyewe tulikuwa tunakula kwa mama lishe nyuma ya jengo, na yunifomu zetu tumezigeuza ndani nje. Mshahara wa siku moja ulikuwa haufiki boksi la familia.

#32 Loleza Juu
#31 asante sana, hiyo ya tatu nitaikumbuka. Mlikuwa mnageuza yunifomu kwanini, mlikatazwa?

#33 Mtu wa Kaunta
Hakukuwa na maandishi. Siku moja mteja alipiga picha mwenzetu anakula ugali kwa mama akiwa na kofia ya kampuni, akarusha na maneno ya kejeli kwamba hata wao hawakili chakula chao. Kuanzia hapo tukaambiwa tujiongeze.

#34 Mzee wa Zege
Hapo nimenyamaza.

#35 Mwalimu wa Zamu
Nitoe historia fupi maana naona #1 anadhani mzunguko huu ni wa Watanzania. KFC ya kwanza China ilifunguliwa Beijing 1987, jirani na uwanja wa Tiananmen, watu walipanga foleni kwenye baridi, wengine walifanyia harusi humo. McDonald's ya kwanza Moscow ilifunguliwa Januari 1990, siku ya kwanza walihudumia watu kama elfu thelathini, kuna waliopeleka kopo la karatasi nyumbani wakaliosha wakaliweka kabatini. Baada ya miaka watoto wa walewale wakawa wanaona ni chakula cha kawaida. Na KFC kule ilikotoka, mwanzilishi wake Mzee Sanders alianza 1930 akiuzia wasafiri kwenye kituo cha mafuta Corbin, Kentucky, yaani hoteli ya basi ya #25.

Halafu kuna mwanasosholojia wa Kifaransa, Pierre Bourdieu, yeye alisema watu wa juu hawana ladha nzuri kuliko wengine, wana haja ya kutofautiana na walio chini yao hatua moja. Hatua moja tu. Tajiri mkubwa anaweza kula makande hadharani kama mzee wa #28 na hakuna wa kumdhania maskini. Anayeteseka ni aliyetoka kwenye makande jana. Jamaa wa ofisini kwa #1 ningependa kujua kwao wanalima nini.

#36 Mkinga Mpole
Mwalimu mbona hapo umemtukana jamaa ambaye hata hayupo kujitetea. Na mzee wangu hali makande kuonyesha kitu, anakula kwa sababu ni matamu.

#37 Itiji Moja
Mwalimu Mfaransa wako alishawahi kufika Kabwe saa saba mchana? Pale mama lishe mmoja ana meza mbili na mabenchi manne, bosi wa benki na fundi viatu wanagongana viwiko, binti anapita na jagi na beseni mnanawa kwa zamu, hakuna hatua moja wala mbili. Ukichelewa nyama imeisha unapewa dagaa na unasema asante.

#38 Binti Sokomatola
#37 bosi wa benki wa kiume. Bosi wa benki wa kike anatumiwa chakula ofisini kwenye hotipoti. Rudi #11 usome tena.

#39 Mnyalu Halisi
Mtanisamehe naleta mfano mwingine wa Iringa. Kuna mgahawa wa Neema Crafts, ule wa kituo cha watu wenye ulemavu kilichoanzishwa chini ya Anglikana 2003. Wahudumu wengi ni viziwi, oda unaandika kwenye karatasi, kuna na ishara chache wamezichora unajifunza. Keki nzuri, kahawa nzuri, bei si ya kuua. Lakini muulize Mnyalu mwenzangu wa Mlandege kama kawahi kuingia, atakwambia pale ni pa wazungu. Hakuna aliyemzuia mlangoni. Hakuna matawi pale, hakuna kuku wa boksi, na bado watu wamejichorea mstari wenyewe. Kwaiyo hii ya kusema shida ni matawi mimi naona bado.

#40 Kahawa Chungu
Kwa kuwa mmetaja kahawa. Mbeya tuna Mbozi inalima kahawa ya kwenda nje, watu wanalipa dola, sisi tukienda mgahawani tunaletewa maji ya moto na kopo la kahawa ya unga ujichotee mwenyewe. Siku tawi la kahawa la kigeni likija hapa mtalipa elfu kumi na mbili kwa kahawa ya shamba la mjomba wenu.

#41 Mzalendo wa Tunduma
Mbozi iko Songwe mkuu, tangu 2016 tuna mkoa wetu. Mbeya mmezoea kutuchukulia vitu.

#42 Kahawa Chungu
Haya, kahawa ya jirani.

#43 Baba Watatu
Nyie mnaongelea hatua za Mfaransa, mimi ni baba wa watoto watatu. Wanangu wanaona tangazo kwenye tivii wanajua jina la kila boksi. Mwezi wa kumi na mbili nikiwapeleka ni elfu sabini imeenda na bado wanarudi nyumbani wanaomba ugali. Nikisema hapana naambiwa baba wa fulani anampeleka. Shuleni wanaulizana likizo ulikula wapi, mtoto wa miaka saba anaulizwa hivyo na mwenzie wa miaka saba. Mwanangu wa kati akadanganya kwamba tulienda, kumbe tulikuwa Tukuyu kwa bibi tunakula ndizi. Na zile ndizi zilikuwa nzuri, na nyama ya kutosha, na parachichi za kuokota chini ya mti. Alizionea aibu.

Sasa mniambie huyo naye ana haja ya kutofautiana au kafundishwa na nani.

#44 Dada wa Forest
#43 pole baba. Wangu naye kanambia parachichi ni chakula cha ng'ombe, na ng'ombe kamwonea huko huko Rungwe.

#45 Leicester Returns
Parachichi hiyo London wanaipaka kwenye kipande cha mkate wanauza pauni kumi, mwambie.

#46 Mzee wa Zege
Kila kitu chako kinaishia London. Chukua ndege ya Songwe urudi.

#47 Loleza Juu
Nimewasoma wote. Binafsi ya #11 na #31 zimenigusa, ya mwalimu nusu nusu, maana jamaa wa ofisini nimeulizia, kwao ni Msasani na baba yake alikuwa mkurugenzi, hajawahi kuona makande ya jana wala ya juzi. Kwaiyo hatua moja yako imegoma hapo. Na yule dada niliyemtaja kwenye bandiko la kwanza kasema ataenda tena Desemba na safari hii anampeleka mama yake.

#48 Mwalimu wa Zamu
Mkurugenzi mstaafu au bado yuko kazini? Hiyo inabadilisha hesabu.

#49 Kambi Popote
Mwalimu hakubali kushindwa. Soda yangu bado haijaja.

#50 Baba Watatu
Niulize nje ya mada kidogo, Kiepe cha Mafiat uko bado? Mke wangu anataka kuanza kukaanga chipsi getini kwetu Iyunga jioni, viazi nichukue wapi, na bei ya gunia ikoje sasa hivi?

#51 Kiepe cha Mafiat
Nipo. Bei inategemea msimu, usikubali ya mtu wa kwanza. Nenda Uyole alfajiri malori yakiwa yanashusha, nunua kwa ndoo kwanza ujaribu kabla ya gunia. Lumbesa ukiona ina kilemba kirefu jua chini kuna vidogo. Na ukienda usivae shati la ofisini wala usipaki gari karibu, wakikuona hivyo bei inapanda palepale.